Kisanduku cha Uraia wa Bwana Norbu

Wanangu mnaokaa sasa kwenye meza yangu, pale kwenye ofisi yetu ya kuwajazia fomu wageni wa nchi hii ya Waingereza, juu ya duka la vitambaa, nimesikia mmeleta kompyuta mpya tatu na lile kabati langu la chuma mmelitoa. Kabati sina neno nalo, lilikuwa linanitia kutu kwenye vidole. Lakini nimesikia pia kwamba fomu ya mtu mnaimaliza kwa dakika ishirini, mnabonyeza, imekwenda. Hilo ndilo lililoniondoa kitandani nikatafuta kalamu. Mimi fomu moja nilikuwa naifanya saa nzima na chai juu yake, na bado niliwahi kumkosea mtu kosa ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasimama jikoni na kijiko mkononi nisijue nilikuwa nakoroga nini.

Mnaelewa Kiswahili changu, najua, ingawa mnanijibu kwa Kiingereza. Basi someni taratibu.

Aliyenifundisha kazi ni Maureen, mama wa Kijamaika aliyekuwa akiishi mtaa wa Lozells, mrefu, miwani yake imefungwa uzi shingoni. Siku yangu ya kwanza alinipa fomu tupu, akaniambia niisome mpaka mwisho bila kugusa kalamu. Nikaona ananidharau. Mimi nimesoma Wete mpaka kidato cha nne, nifundishwe kusoma fomu? Nikasubiri ageuke, nikaanza kujaza. Nilipofika ukurasa wa mwisho nikakuta pameandikwa kwamba ukurasa wa kwanza haunihusu. Maureen alicheka mpaka miwani ikaanguka kifuani.

Mengine aliyonipa ni haya. Wino mweusi, herufi kubwa. Jina la mtu liandike kama lilivyo kwenye karatasi yake ya kwanza, hata kama karani wa kule alilikosea, maana ukilisahihisha atageuka watu wawili na wote wawili watanyimwa. Karatasi usizibane kwa pini. Na saini iwe ya mwisho kabisa: kwanza umsomee mtu kila ulichomwandikia, neno kwa neno, ndipo umpe kalamu. Hili la saini alilirudia mpaka nikawa nalimalizia mimi kabla hajafika mwisho wa sentensi.

Kazi yenyewe ilikuwa na vichekesho vyake. Zile fomu za kuomba uraia zinamuuliza kila mtu kama amewahi kushiriki ugaidi. Nilimuuliza hivyo bibi mmoja wa Makunduchi, ameletwa na mjukuu wake, meno hana. Akafikiri kwa makini. "Kwa mume wangu tu," akasema. Baba mmoja kutoka Bukavu nilimuuliza kazi yake, akanijibu, "Mama, miye niko nadebruye tu." Kujitafutia, kubangaiza. Sikuijua hiyo lugha yao, nikaiandika kama nilivyoisikia, na barua ikarudi kutoka ofisini ikiuliza hiyo ni taaluma gani na cheti chake kiko wapi.

Bwana Norbu alikuja Jumanne moja asubuhi, mvua inanyesha. Mtu wa miaka sitini hivi, mfupi, kofia ya sufu, mikono imebabuka kwa maji ya moto. Alikuwa anaosha vyombo katika jiko la hospitali kule Edgbaston, na alipanga chumba Saltley, mitaa miwili kutoka kwetu. Alikuwa Mtibeti. Utotoni alivushwa milima akaingia Nepal, akakulia India, akaja ukubwani kupata hifadhi nchi hii. Dada yake mkubwa, Dolma, alibaki India kwenye makazi ya Watibeti, juu mlimani. Walikuwa hawajaonana miaka kumi na tisa. Sasa Dolma alikuwa anaugua figo, na Bwana Norbu alitaka hati ya kusafiria ya mkimbizi akamwone.

Fomu tuliianza vizuri. Jina, anwani, tarehe. Tukafika kwenye kisanduku cha uraia.

"Mtibeti," akasema.

"Tibet haimo kwenye orodha yao, Bwana Norbu."

"Najua. Basi acha wazi."

"Wakikuta wazi watairudisha."

"Wameshairudisha mara mbili." Akatabasamu kama mtu anayekupa matokeo ya timu yake iliyofungwa.

Nikamwambia tunaweza kuandika kwamba hana uraia wowote. Lipo neno lao la watu kama hao. Akatikisa kichwa. "Huo uongo. Mimi ninao. Ila umekaliwa na wengine."

Kwenye meza ya dirishani siku za Jumanne alikaa Bwana Lin, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mzaliwa wa Chengdu, akijitolea kuwasaidia wazee wa Kichina. Mpole, mwenye kubeba machungwa mfukoni na kumgawia kila aliyeingia. Alikuwa amesikia. Akageuza kiti.

"Bwana, samahani," akasema. "Andika China. Tibet imekuwa ndani ya China tangu enzi za wafalme. Mihuri ya viongozi wenu ilikuwa inatoka kwetu. Wakati tulipokuwa dhaifu, Waingereza hawahawa walipeleka askari kule na kuwachochea mjione nchi nyingine. Na watu wenu wengi walikuwa watumwa wa mashamba ya makabaila na nyumba za watawa. Mjomba wangu alikwenda kufundisha shule kule, akaharibu mapafu yake kwa ule urefu wa milima. Hakwenda kuiba."

Bwana Norbu hakupandisha sauti. "Wafalme wenu walileta mihuri, na sisi tuliwapa baraka za dini. Hiyo haikuwa kumilikiwa. Wafalme walipoanguka, wawakilishi wao waliondoka Lhasa, mji wetu mkuu. Tukawa na serikali yetu, pesa zetu, stempu zetu, na hao Waingereza walikuja kuzungumza na Lhasa wenyewe. Baba yangu alikuwa kijana wakati askari wenu walipoingia. Mabaya yetu yalikuwepo, sikatai. Lakini nani alituuliza?"

"Viongozi wenu walitia saini makubaliano," akasema Bwana Lin.

"Wakiwa wameshikiwa bunduki. Na kiongozi wetu aliyakana alipovuka mpaka."

Bwana Lin alitoa chungwa, akaliweka kwenye ukingo wa meza, katikati yao. Hakuna aliyeligusa.

Mimi ni mtu wa Pemba. Nilipofika nchi hii niliandika nimezaliwa Zanzibar, na karani akapiga mstari akaandika Tanzania, bila hata kunitazama. Mnajua wenyewe jinsi wazee wenu wanavyoweza kumaliza harusi nzima wakibishana juu ya Muungano. Kwa hiyo nilidhani namwelewa Bwana Norbu. Nilikuwa simwelewi. Mstari wa yule karani ulinichoma kwa siku moja, kisha nikaenda zangu, kwa sababu nikitaka kwenda Wete naenda, nakuta watu wananiita kwa jina langu la utotoni. Yeye hana pa kwenda.

Saa zilikuwa zimekwenda na zamu yake inaanza saa sita. Akasimama. "Nipe nitie saini. Pale paache wazi, Bi Zuhura. Umesikia?"

"Nimesikia."

Nikampa kalamu kabla hatujamaliza, kinyume kabisa na alivyonifundisha Maureen. Akatia saini, akavaa kofia, akakimbilia basi.

Nikabaki na ile fomu. Nikafikiria figo za yule dada. Nikafikiria fomu kurudi mara ya tatu, miezi mingine mitatu, halafu simu inalia kutoka India. Nikajiambia kisanduku ni kisanduku tu, roho ya mtu haikai mle. Nikaandika Mchina. Nikatia kwenye bahasha, nikashuka Alum Rock Road, nikaitumbukiza kwenye sanduku la posta. Jioni ile nilipika wali wa nazi na moyo wangu ulikuwa mweupe. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba sikusikia chochote.

Hati ilifika baada ya miezi miwili na kitu. Bwana Norbu hakuifungua kwake. Aliileta ofisini na bahasha yake, amenyoa, amevaa shati la kola, tuifungue pamoja. Alikuwa amenunua na biskuti. Akachana bahasha kwa kisu cha karatasi, polepole, akafungua ukurasa wa picha. Akausoma. Akausoma tena, kidole chini ya mstari.

"Wameandika wao," akauliza, "au umeandika wewe?"

Ningeweza kusema wao. Angeniamini.

"Mimi," nikasema. "Nilifikiria dada yako."

Akaifunga hati, akaiweka juu ya meza yangu, akainyoosha mpaka ikakaa sawa na ukingo, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Akavaa kofia. Biskuti akaziacha.

Bwana Lin alikuwepo. Nilimgeukia, nadhani nilitaka aniambie nilifanya la busara, maana neno lenyewe lilikuwa lake. Alikuwa amevua miwani anaifuta.

"Mimi ningeandika hivyohivyo," akasema, "kwa sababu ndivyo ninavyoamini. Lakini ningeandika kama angeniambia niandike. Hakukuambia." Akavaa miwani yake na kurudi kwa mzee wake wa Kichina. Siku ile hakunipa chungwa.

Wiki tatu Bwana Norbu hakutokea. Nilikuwa naitoa ile hati kwenye kabati kila asubuhi na kuirudisha kila jioni. Maureen alikuwa ameshafariki wakati huo, na sikuwa na mtu wa kunigombeza vizuri. Jumapili moja mchana nikavaa baibui langu, nikaenda Saltley na hati mkobani, nikagonga mlango.

Alinikaribisha. Chumba kisafi, kitanda kimetandikwa kama cha mwanajeshi. Akanipikia chai. Nikaonja, nikadhani kakosea kopo la sukari, kumbe chai yao ina chumvi na siagi. Nikainywa yote. Niliona ni haki yangu.

"Nimekuja kuomba radhi," nikamwambia. "Sina la kujitetea."

Alisogeza kikombe chake pembeni. Kisha akaniambia habari ya baba yake. Baba yake alikuwa na karatasi moja ya shamba, yenye muhuri wa serikali ya Lhasa ya zamani. Ilikaa ndani ya kasha la mbao, na alikuwa akiwaonyesha watoto siku za mwaka mpya. Ulipofika wakati wa misako, nyumba kwa nyumba, baba mwenyewe aliichoma jikoni kabla askari hawajafika mlangoni. Dolma aliona. Norbu alikuwa bado hajazaliwa, alisimuliwa.

"Baada ya hapo hatukuwa na karatasi inayosema sisi ni nani," akasema. "Zilizokuja zote zilisema sisi ni wao. Huku kwenu nikapata kisanduku kitupu, na hakuna aliyenilazimisha kukijaza. Wakirudisha, nakiacha tena kitupu. Watu waliniona mkaidi. Lakini ule utupu ulikuwa wangu, Bi Zuhura. Kitu pekee nilichokuwa nacho kilichoandikwa na mimi mwenyewe."

Nililia. Sikuona haya. Yeye hakunibembeleza, akaongeza chai.

Tukiwa vile vile simu yake ikalia. Alikuwa Dolma, kwenye video, uso umevimba kwa maradhi, nywele nyeupe kichwani zimesukwa mkia mmoja, nyuma yake dirisha lenye mwanga mkali. Wakasemezana kwa lugha yao. Nikasikia sauti ya dada ikipanda. Bwana Norbu akanigeuzia simu.

"Anauliza, ni wewe uliyeandika?"

Nikaitikia kwa kichwa. Dolma akanimwagia maneno, kidole kimenyooka kwenye kioo. Kaka yake akasubiri amalize.

"Anasema umefanya vibaya sana."

"Mwambie ni kweli."

Akamwambia. Dolma akaendelea, safari hii amemtazama yeye. Masikio ya Bwana Norbu yakawa mekundu.

"Anasemaje?"

"Anasema, kama theluji itaifunga njia ya mlimani kabla sijafika kwa sababu ya neno moja, basi mimi mpumbavu kuliko wewe." Akaendelea. "Anasema alibeba mgongoni mtoto aitwaye Norbu, na huyo mtoto hakuwa na karatasi yoyote, na hakumpoteza njiani."

Akaichukua hati. Hakuitazama, aliitia kwenye mfuko wa koti na kuufunga zipu.

Kabla hajasafiri tuliandika barua ya kuomba lile neno lisahihishwe. Ile barua nilimsomea mara tatu kabla ya saini, na mara ya tatu aliniambia basi, Bi Zuhura, nimeihifadhi moyoni. Jibu lilikuja yeye akiwa India. Lilikuwa la adabu. Lilisema serikali ya nchi hii inaihesabu Tibet kuwa sehemu ya Jamhuri ya Watu wa China, na kwa hiyo hakuna kosa la kusahihisha. Bwana Lin alilisoma akichungulia begani kwangu. Akaniambia kwamba zamani Waingereza walikuwa na neno la katikati, la kusema China ina usimamizi fulani kule lakini si mamlaka kamili, na baadaye wakaliacha kimyakimya. "Wamechelewa kukubali," akasema. Kisha baada ya muda, kwa sauti ya chini: "Lakini kwake ni pigo, nadhani."

Bwana Norbu alirudi baada ya wiki nne, amechomwa na jua, ameniletea jibini kavu ngumu kama kokoto ambayo jino langu la kushoto halijaisahau. Nikampa ile barua. Akaisoma mpaka mwisho, akaomba nimtolee fotokopi mbili. Hati yenyewe ilipokwisha muda hakuomba nyingine kupitia kwangu wala kwa mtu. Dolma alifariki mwezi wa pili mwaka uliofuata.

Basi mkikutana na mtu amekataa kujaza kisanduku, na kompyuta yenu haiwaruhusu kupita, mtoleeni karatasi. Pigeni simu, subirini kwenye foleni ya muziki ule mbaya, mwulizeni karani ana jina gani. Andikeni kwenye barua ya pembeni maneno ya mtu kama alivyoyasema. Mkishindwa, mwambieni mwenyewe mmeshindwa, achague yeye. Sikuwapo kule milimani na sitajua yote ya mihuri na wafalme. Lakini ile kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na hilo nalijua.

Nilimwuliza Bwana Norbu walikuwa wakifanya nini wiki zote zile kule India yeye na dada yake. Tulikuwa tumekaa bustanini, Edgbaston, karibu na hospitali, kabla ya zamu yake, tunakula vitumbua vyangu.

"Tuligombana," akasema.

"Na mgonjwa?"

"Kila siku. Juu ya nyumba yetu. Mimi nakumbuka mlango wa jikoni ulitazama mto. Yeye anasema ulitazama mlimani, mto ulikuwa ubavuni. Nikamwambia, nilikuwa nakaa kizingitini naona maji. Akaniambia, ulikuwa mdogo, uliona mfereji wa shamba la shayiri. Tukachora kwenye karatasi. Akaichana yangu." Alikuwa anacheka, halafu uso ukabadilika. "Hatukuwa na mtu wa kumwuliza. Kijiji kimehamishwa, majirani sijui wako wapi, na sisi wawili hatuwezi kwenda kuangalia. Sasa yeye hayupo, nimebaki mimi na mlango wangu. Na siku hizi nikifumba macho naona mlima."

Aliamka akaenda kazini. Mimi nilibaki kwenye benchi.

Nikachukua simu nikampigia kaka yangu Kassim, Wete, anayekaa kwenye nyumba ya mama.

"Mlango wa uani wa mama," nikamwuliza, "unatazama wapi? Kisimani au kwa akina Bi Asha?"

"Zuhura, una homa? Ndiyo ulichonipigia?"

"Niambie tu."

"Khaa, unatazama... ngoja." Nikasikia ndala zake zinaburuta sakafuni. Komeo likavutwa. Kuku wakapiga kelele, na upepo ukaingia kwenye simu.

"Kisimani," akasema. "Nimesimama hapa mlangoni nakiona. Haya, nirudi ndani?"

Nikamwambia asirudi kwanza. Asimame hapohapo kidogo.